Nilivyoandikwa Mgeni kwenye Kaburi la Mama

Wenzangu wa kikundi cha mikeka, mmenichosha. Kila nikikaa na ukindu wangu, "Somoe, ilikuwaje ng'ambo?" Nikianza, huyu anaingilia na askari, yule anataka kujua nilikula nini, habari inakatikia njiani. Sasa nimechukua daftari. Shule yangu ni ngumbaru, mnajua, herufi zangu zinalala ubavu kama mbuzi walioshiba. Atakayeshindwa kusoma asomewe, lakini asiniulize tena.

Habari za kutafuta hati ya safari naziruka. Hazina utamu na zilinitoa machozi bure.

Simu ya Atija

Atija ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Yeye alibaki ng'ambo ya Ruvuma, mimi nikavuka. Alipiga simu naanika dagaa.

"Dada, makaburi ya kwetu Namwedi yanahamishwa. Barabara ya gesi inapita pale. Kila kaburi linataka mwenyewe aje aseme hili la nani. Mwisho ni Alhamisi ya wiki ijayo. Lisilo na mwenyewe linaandikwa bila jina, wanazikwa pembeni kwa pamoja."

"Wewe si uko huko huko?"

"Nilikuwa mgongoni mama mkubwa alipozikwa. Najua kwa kuonyeshwa tu. Wewe ndiye uliyeona kwa macho."

Ni kweli. Nilikuwa na miaka tisa hivi, vita vya Mreno. Mama alikufa kwa homa tukiwa tumejificha porini, mjomba akachimba kwa jembe lisilo na mpini mzuri. Mama hakuwa Mwislamu wala Mkristo, alikuwa Mmakonde, na mdomo wake wa juu ulikuwa na ndonya ya mpingo, kipande cheusi cha duara, kinang'aa. Mjomba alimzika nayo. Wiki ile ile akazikwa jirani yetu, mwanamke vilevile, ubavuni kwa mama. Makaburi mawili, hayana maandishi, yanafanana kama maziwa ya kifua kimoja. Kisha mjomba akanivusha mto, nikawa mtu wa Msimbati.

Miaka ya amani nilikuwa navuka mdomoni mwa mto, napalilia kaburi, narudi. Asubuhi isiyo na ukungu, kutoka hapa kwetu naiona nchi yao. Sasa tangu vurugu zile zianze upande wao, mdomo wa mto haupitiki. Askari huku, askari kule. Kwenda mahali ninapopaona kwa macho ya kizee, ilibidi nizunguke kwa daraja la juu huko Mtambaswala, siku tatu.

Kabla hatujaondoka hapa, jambo moja mlijue, maana bila hilo safari yote hamtaielewa. Vitambulisho vilipokuja, marehemu mume wangu aliniambia, "Sema umezaliwa Msimbati, usituletee maneno." Nikasema. Na msinikodolee macho. Nusu ya watu wa Msimbati walizaliwa Msimbati siku ile ile, palepale mezani kwa mwandikishaji.

Msimbati mpaka Mtwara mjini

Saida alinisindikiza mpaka Mtwara. Saida mnamjua, mtoto wa binti yangu, niliyemlea mimi, fundi wa mabomba ya gesi, amesoma mpaka mimi nikimsikia anazungumza kazi yake nasinzia kwa fahari. Wakati ule alikuwa amechaguliwa kazi ya serikali, ile kubwa, na wanachunguza ukoo. Fomu ilikuwa inakuja: mama, bibi, mama wa bibi, kazaliwa wapi kila mmoja.

Gari lilipopita Madimba, akanionyesha mitambo kule nyuma ya ua. Nikamuuliza, "Hebu niambie mke mwenzangu, gesi si ilikuwepo chini tangu enzi? Kwa nini leo wanakimbilia mpaka kumfukua mama yangu?"

Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Bibi, kule Ulaya walikuwa wanapikia gesi ya Mrusi. Wamegombana naye. Sasa wanatafuta jiko lingine. Na Mchina naye anataka, Mhindi naye anataka. Zamani alikuwa anakuja mkubwa mmoja, anasema bei, tunanyamaza. Sasa wanakuja wanne, kila mmoja anataka awahi."

"Wakija wengi si bei inapanda?"

"Inapanda. Na haraka inapanda."

Haraka. Neno hilo nilikwenda nalo safari nzima.

Stendi, akanishika mkono akanivuta pembeni. Saida hajui kuomba, alifundishwa na mimi kutoomba. Safari hii aliomba. "Bibi, kule usisaini kitu kinachosema umezaliwa kule. Tafadhali. Kama wakikuuliza, wewe mgeni."

"Nikamwambie mama yangu mimi mgeni?"

"Mama yako amekufa, bibi. Mimi niko hai."

Maneno mazito kwa mtoto wa miaka ishirini na sita. Nilitaka kumzaba kofi. Nikapanda basi.

Mtwara mpaka Masasi, nyuma ya makaa

Basi lilitoka vizuri, likapita Mikindani, likaanza kupanda. Mbele kidogo likasimama. Lori la makaa ya mawe lilikuwa limelala ubavu, limekata barabara, makaa meusi yamemwagika mpaka kwenye mihogo ya watu. Nyuma yake malori mengine ya makaa, mimi nilihesabu mpaka nikachoka, yote yanaelekea bandarini kwetu. Tulikaa pale tangu saa tatu mpaka jua likawa la kuchoma kisogo.

Kiti cha pembeni alikaa mwalimu mstaafu, Mwalimu Mushi, Mchaga aliyekuja Mtwara kijana akazeekea hapa, anasema Kimakonde cha kuchekesha. Mbele yetu mama mmoja wa Newala, mnunuzi wa mbaazi, mnene, sauti kama ya mpiga mbiu.

"Makaa haya yanakwenda wapi, Mwalimu?" nikauliza.

"Ulaya, na India. Walisema makaa yanachafua hewa, wakatuambia tuache. Gesi ilipokatika wakaja kuyachukua wenyewe."

Mama wa mbaazi akageuka. "Na mbaazi je? Mhindi anafungua mlango mwaka huu, mwakani anafunga. Mimi nilipikia watoto mbaazi miezi sita, asubuhi mbaazi, jioni mbaazi, mpaka mume wangu akasema bora njaa. Mtu mmoja amekaa Delhi anaandika karatasi, mimi Newala naoza na magunia."

"Ndiyo dunia ya sasa hiyo," Mwalimu akasema. "Zamani nyumba ilikuwa na baba mmoja, mkali, lakini mmoja. Sasa wako watatu wanne, na kila mmoja anasema nyumba ni yake."

"Wewe Mwalimu," nikamwambia, "umesoma sana lakini umekaa nyumba gani? Nyumba yetu haijawahi kuwa na baba mmoja. Mreno alikuwa hapo, Mjerumani hapo, Mwingereza hapo, na mto katikati. Mimi nimekimbizwa na mmoja nikaangukia kwa mwingine."

Basi zima likacheka. Mwalimu akaniuliza, kwa upole tu, "Kumbe mama umetokea ng'ambo?"

Mdomo wangu huu! "Bibi yangu," nikasema. "Bibi yangu ndiye alisimuliaga."

"Ee. Maana siku hizi wanachunguza sana uraia. Kuna fundi mmoja jirani yangu, baba yake alizaliwa kule, amekaa mwaka anakwenda ofisi hii na ile."

Nilitoa ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, niliyochemsha, nikawagawia, watu wakitafuna hawaulizi. Ming'oko ya msitu wa Madimba, yenye utomvu, nilibeba furushi zima kwa ajili ya Atija, maana alisema kwao vita imewafungia msitu. Mwalimu aliimenya kwa kucha kama mtu wa hapa. Lori likaondolewa, tukafika Masasi, nikalala nyumba ya wageni yenye kunguni wenye njaa ya mwaka. Kunguni nawaruka pia.

Darajani

Kutoka Masasi mpaka Mangaka ni lami. Mangaka mpaka darajani gari lilikuwa na watu tisa na mbuzi wawili, mmoja alikula kona ya mtandio wangu, mwenyewe akasema, "Samahani mama, huyu ana tabia."

Mtambaswala, kijana wa uhamiaji alinikagua mara mbili, sura na karatasi, sura na karatasi.

"Shikamoo bibi. Umezaliwa wapi?"

"Marahaba. Msimbati."

"Unakwenda wapi?"

"Mazishini."

"Ya nani?"

"Ya mtu wangu."

Akanitazama. Hakuwa mbaya, alikuwa na sura ya mtoto aliyelelewa na bibi. Akapiga muhuri, akasema taratibu, "Sikiliza bibi. Mambo ya makaburi ya kule tunayajua, wengi wanapita hapa. Watakachokuandika kule, ukirudi ndicho nitakachosoma. Karatasi ya kule ikisema hivi na hii ikisema vile, mimi sina la kufanya. Unanielewa?"

"Nimekuelewa baba."

Nilivuka daraja kwa miguu. Ruvuma pale juu si ule wetu wa baharini, ni mchanga mwingi na maji yanajificha katikati. Nilisimama kati nikatema mate mtoni. Sijui kwa nini. Ulikuwa umenikasirisha.

Negomano mpaka Mueda, na chakula nisichoalikwa

Upande wa pili nilipanda gari dogo la wazi, mizigo chini, watu juu. Barabara nyingine imechongwa vizuri, Wachina walipita na mashine zao, nyingine inakutingisha mpaka meno yanaulizana hali. Saa sita dereva akasimama kijiji kimoja akasema tunasubiri magari mengine, hatupiti peke yetu. Mpaka lini? Akainua mabega.

Njaa ilinishika. Nikaona uani kwa watu kuna masufuria makubwa, wanawake wanapakua, watu wamekaa kwenye majamvi wanakula. Nikajisemea, mgahawa huo. Nikaenda, nikakaa, nikanawa. Wakaniletea chima, yaani ugali wao, na matapa, kisamvu kilichotwangwa na karanga, kizito, kitamu, sijui waliweka nini. Nikamaliza. Nikainua sahani, "Mama, niongeze mchuzi. Na niambie ni kiasi gani nilipe."

Mwanamke mmoja kijana, macho mekundu, akaja akaniongeza mchuzi. Akasema Kimakonde, "Hapa hakulipwi, mama. Tumemzika mume wangu jana."

Ardhi ingenimeza ningeishukuru. Nikalia pale pale na mkono una ugali. Nikaomba radhi, nikasema mimi ni msafiri nisiye na macho. Akakaa karibu yangu. "Unakwenda wapi?"

"Palma. Kuhamisha kaburi."

"La nani?"

Huyu hakuwa na muhuri, wala karatasi. Nikamwambia, "La mama yangu." Mtu wa kwanza kumwambia ukweli safari nzima, na sikumjua jina. Akanishika kiganja akasema, "Basi wewe hukukosea nyumba."

Nilimwachia robo ya ming'oko. Magari yakafika matatu, tukaondoka. Mueda tuliingia jua likizama. Baridi ya kule juu! Nilivaa khanga zangu zote nne.

Mueda mpaka Palma

Njia hii ndiyo mnayoiulizia sana, na ndiyo nisiyopenda kuikumbuka. Tulikwenda kwa msafara, gari la askari mbele, gari la askari nyuma. Katikati hakuna anayeongea. Hata watoto. Tulipita vijiji ambavyo mlango upo, ukuta upo, paa hakuna, na mpapai umezaa uani hakuna wa kuchuma. Mimi niliviona vile vile nikiwa na miaka tisa. Nilifikiri nimeota zamani ile, kumbe nilikuwa naona mbele.

Kizuizi cha tatu walitushusha wote. Askari warefu, wageni. Mmoja akafungua furushi langu, akakuta ming'oko. Akarudi nyuma hatua moja. Akawaita wenzake. Mnaijua ming'oko ilivyo, myembamba, ya kahawia, imejikunja, nami nilikuwa nimeifunga kwa kamba mafungu mafungu, kama baruti. Wakaelekeza bunduki chini, lakini vidole vilikuwa mahali pake.

"Nini hii?" Kiswahili. Nilifurahi kusikia Kiswahili kama nimesikia adhana.

"Chakula, mwanangu."

"Chakula gani?"

"Mizizi. Tunachimba msituni."

"Msituni nani alikupa?"

Watu wa gari walisogea mbali nami, kama nina ndui. Nikaona hapa hapafai maneno. Nikachukua mmoja, nikamenya kwa kucha, nikatafuna mbele ya uso wake, taratibu, nikameza. Nikamenya wa pili nikampa.

"Kula. Ukifa, nife na mimi."

Alitazama wenzake. Akauma. Akatafuna, uso umekunjwa, kisha uso ukakunjuka. "Kama viazi vyetu," akasema, "ila ina nyuzi."

"Nyuzi unatema. Mama yako hakukufundisha kutema?"

Akacheka, wenzake wakacheka, vidole vikaondoka pale vilipokuwa. Nikamuuliza katoka wapi. Akasema Rwanda. Nikamwuliza kilichomleta mbali hivyo. Akasema, "Kazi, bibi. Kulinda." Nikataka kuuliza kulinda watu au kulinda mabomba, lakini nilikuwa na mama wa kumzika, nikafunga mdomo. Alinifungia furushi mwenyewe, vizuri kuliko nilivyolifunga mimi.

Huyo ndiye askari wangu. Wengine mnaosikia habari zao sikuwaona na siwasemi.

Namwedi

Atija alinipokea Palma Jumatano jioni, tukakumbatiana tukaanguka chini, wazee wawili, watu wanatupita. Amekonda. Mkono wake wa kulia hauinuki vizuri tangu walipokimbia vurugu zile. Nyumba mpya aliyopewa baada ya kuhamishwa ni ya bati na simenti, safi, ndani inaunguza kama tanuri. "Nzuri," nikamwambia. "Nzuri," akasema, "ila bahari iko mbali, na jirani zangu siwajui."

Asubuhi tukapelekwa makaburini, mimi na Atija na kina mama wengine. Mwandishi alikuwa kijana wa pale pale Palma, mpole, ana meza ndogo ya kukunja na daftari kubwa. Akaeleza kwa Kiswahili cha kwao: mtoto wa marehemu anasema jina, anaonyesha kaburi, anasema na alama ya kulithibitisha. Anasaini. Anaandikwa alipozaliwa, na aliyevuka mpaka anapewa nakala iende na hati yake ya safari.

Usiku tulikuwa tumeshakubaliana. Kwa mila yetu mtoto wa mama mdogo ni mtoto wa mama vilevile. Atija angesaini. Nilimfundisha yote: jina, mwaka wa vita, ndonya. Mimi ningesimama kando.

"Mtoto wa marehemu?"

"Mimi," Atija akasema.

"Na mama huyu?"

"Mgeni wangu. Kutoka Tanzania."

Akaandika: mgeni. Niliiona kalamu ikienda.

"Onyesha kaburi."

Atija akaenda. Nyasi zilikuwa kiunoni, chungu tulichoweka zamani kimevunjika. Yale mawili yakaonekana, yamelala pamoja. Atija akasimama, akainua mkono wake mzima, akaonyesha la kushoto.

Kaburi la jirani.

Nilielewa hapo hapo alipokosea. Kila mara nilipomwonyesha, tulitokea baharini, kwa njia ya zamani, na mama alikuwa kushoto. Leo tumeletwa kwa gari, kwa barabara mpya, tukaingilia mgongoni. Kushoto kwa leo ni kulia kwa jana. Atija amekaa nyumba ya bati upande mwingine, dunia yake yote imegeuzwa, naye hakujua kama imegeuka na hapa.

Mwandishi alikuwa anaandika. Wachimbaji wawili wameshika majembe, wanamsubiri. Wangefungua kwa jirani, wasikute ndonya, Atija angeonekana mwongo, na mama angekwenda pembeni na wasio na jina. Mimi nikisema kitu, mgeni ananyamazishwa, au anaulizwa. Nilimkumbuka Saida pale stendi. Mimi niko hai, bibi.

Jembe likainuka.

"Siyo hilo!"

Nilipiga kelele mpaka ndege wakaruka. Watu wote wakageuka. Mwandishi akaweka kalamu chini.

"Siyo hilo, baba. Mmetokea upande wa barabara mpya. Njia ya watu ilikuwa inatoka baharini. Aliye kushoto ukitoka baharini ndiye yeye. Hili hapa. La kulia."

Yule kijana akanisogelea. Kisha, sauti ya chini, "Mama, wewe ni nani wa marehemu?"

Wenzangu, mmekaa na mimi miaka. Mmeniona nikizika mume, nikizika watoto wawili. Hamjaniona nikishindwa kujibu swali. Nilimtazama Atija, analia bila sauti. Nilitazama chini, pale alipolala.

"Mgeni," nikasema. "Nilikuwa jirani."

"Jirani anakumbuka kuliko mtoto?"

"Majirani ndivyo tulivyo. Kazi yetu kuchungulia."

Wanawake wakacheka kidogo, kwa woga. Yeye hakucheka. Nadhani alijua. Nadhani alikuwa na bibi wa aina yangu nyumbani kwake. Akasema, "Sawa. Tunafungua la kulia. Isipokuwepo alama, linaandikwa bila jina na hatufungui la pili."

Walichimba. Sitaki kuwaeleza kuchimba kulivyo. Mchanga ulikuwa mlaini, mwekundu, unatoka na mizizi ya ukindu. Walifika. Mmoja akapiga magoti, akasugua kitu na kidole gumba, akasugua tena, akakiinua. Cheusi, duara, kidogo kuliko nilivyokikumbuka, maana nilikiona mara ya mwisho nikiwa mdogo. Kiling'aa palepale aliposugua.

Mwandishi akakipokea kwa mikono miwili. Akanipita mimi, akampa Atija. Mtoto wa marehemu.

Makaburi mapya yako kwenye safu, mistari imenyooka kama darasa. Ndonya ilirudi pamoja naye. Kisha unga. Kwetu binti mkubwa ndiye anayemwaga unga wa kwanza, mwingine hagusi kabla yake. Bakuli alipewa Atija. Atija akalishika, akasimama, akasema kwa sauti watu wote wasikie, "Mkono wangu mbovu. Mgeni anisaidie kubeba."

Nikaweka kiganja chini ya chake. Tukamwaga. Unga mwingi ulipita vidoleni mwangu kuliko vyake.

Kurudi

Kurudi ni njia ile ile, haraka zaidi, sikula kwa mtu. Darajani kijana alisoma karatasi ya kule. Mgeni, Mtanzania. Vinalingana. "Umezika salama, bibi?"

"Nimezika."

"Alikuwa nani yako?"

"Mama wa mdogo wangu."

Akagonga muhuri. Na mnisikilize, hakuna neno la uongo katika jibu hilo, na ndilo lililoniuma mpaka Msimbati.

Saida alinikuta nimekaa jikoni sijavua viatu. Alikuja na fomu, imejazwa kwa mwandiko wake mzuri ule, imebaki mistari miwili. Hakunitazama. "Bibi, hapa ni mama wa bibi. Na alipozaliwa bibi. Niandike nini?"

Nilijua anataka niseme nini. Nilishasema, nimesema meza nyingi. Nimesema mbele yake yeye mwenyewe mama, amelala chini ya miguu yangu, nikasema jirani. Wazungu wamegombana na Mrusi, Mchina anawahi, Mhindi anafunga na kufungua, kila mkubwa anahamisha vyombo vyake na kila anapohamisha sisi tunaambiwa tukane kitu. Leo mto, kesho kijiji, keshokutwa tumbo lililotuzaa. Nimechoka kukana.

"Andika Nangonga," nikamwambia. "Ndiyo jina lake. Amezaliwa Namwedi, ng'ambo. Na bibi yako amezaliwa hapo hapo, akavushwa mto na miaka tisa. Kitambulisho kina uongo, uongo ni wa bibi, siyo wako. Iandike hivyo hivyo, na kama hakuna nafasi andika nyuma."

Nilifikiri atainuka atoke. Aliandika. Halafu akageuza karatasi, akaandika na nyuma, polepole, herufi zimenyooka, wima, siyo kama zangu.

Majibu hayajatoka. Wanaosema nimemponza mjukuu wangu, wengine mko humu humu kikundini, nawajua kwa majina na mlipozaliwa napo napajua. Saida hajanilaumu. Jana aliniuliza kama mdomo unauma ukitobolewa ndonya. Nikamwambia sijui, mama hakuwahi kulalamika.